Pawa Saplai ya Mzee Adelard

Sogea hapa karibu nikutegee kimoja, na usikurupuke kujibu. Nina mpishi ndani ya nyumba yangu. Chakula kinamfikia kikiwa kikali cha kuua mtu. Yeye anakipoza, anakipima, kisha anampakulia kila mmoja kwa kadiri ya tumbo lake, huyu kijiko, yule kikombe, yule mwingine sahani nzima. Hakuna anayemwona, wala hakuna anayemwita kwa jina. Siku akianguka, nyumba nzima inalala njaa. Nani huyo?

Moyo? Hapana. Mama mwenye nyumba? Umenifurahisha, lakini siye. Haya, umeshindwa, nipe mji. Bagamoyo? Mwe! Mie nakaa Boko, Bagamoyo si hapo tu nyuma ya nyumba; ungenipa hata Bukoba nikawasalimie ndugu zangu. Basi nimeipokea hivyohivyo. Mpishi huyo ni pawa saplai ya kompyuta. Usinicheke. Mie niliishia darasa la saba, na mwaka jana ungeniambia pawa saplai ningedhani ni jina la bendi ya muziki. Nimeijua kwa sababu ilikufa sebuleni kwangu, na kifo chake kilitutolea jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka nashika kifua.

Nianze na mjukuu wangu Sekela, maana jambo lenyewe ni lake. Sekela ni mtoto wa Daniel, kifungua mimba wangu, aliyetutoka huyu binti akiwa darasa la nne. Mama yake ni Mnyakyusa, ndiye aliyempa hilo jina; alirudi kwao Tukuyu, mtoto akabaki na sie. Leo ana miaka thelathini, ni fundi wa kompyuta kwenye duka moja kule Kinondoni, na wanaume wazima wanapanga foleni wakimsubiri awafufulie mashine zao. Mume wangu, Mzee Adelard, anamwita mke wangu mdogo. Ndio utani wa babu na mjukuu. Na mie namwita mke mwenza. Tunagombana naye jikoni mpaka majirani wasiotujua wanasimama kusikiliza.

Sasa huyu mke mwenza akapata mchumba wa kweli. Brightson, mwalimu wa hesabu huko Mbweni, kijana mrefu, mpole, akikaa kwenye kiti anaomba radhi kwa kiti. Mwanzo wa Kwaresima akamwambia Sekela: wazee wangu wameshaandika barua ya posa, mshenga wetu ni Mzee Kondo wa Bunju, ataileta kwenu wiki hii.

Unajua utaratibu ulivyo. Barua ya posa haifunguliwi na yeyote tu. Inakabidhiwa kwa mkubwa wa nyumba, yeye anaifungua, anaisoma, anauita ukoo, ukoo unakaa, jibu linarudi kwa mshenga. Msichana mwenyewe anabaki jikoni akijifanya hajui kinachoendelea, ingawa sufuria zote zinajua. Basi Sekela akajifanya hajui. Kwaresima ikaisha, Pasaka ikapita. Akaniomba nimuulizie.

Nikamuuliza mume wangu wakati anakunywa chai. "Baba Daniel, kuna barua imeletwa hapa?"

"Barua gani?" akasema, akaondoka kwenda kukaa kwenye kompyuta yake.

Nikampelekea Sekela jibu hilo. Brightson akaapa kwamba Mzee Kondo aliileta na kuikabidhi mkono kwa mkono. Sekela akamwambia, "Babu yangu hajawahi kunidanganya tangu nizaliwe. Kwa hiyo kati yenu wawili mwongo ni wewe." Wakaachana hapohapo kwenye simu, na mie nikiwa nimesimama mlangoni na ungo wangu. Miezi ikapita hawasemezani. Alikuwa akioga anafungulia bomba mpaka mwisho, ndoo inajaa na kumwagika, ili tusimsikie akilia. Nilimsikia. Bomba la Boko halina nguvu kiasi hicho.

Hapo ndipo tulipokuwa siku kompyuta ilipolipuka.

Kompyuta hiyo ni ya mezani, ya zamani, mume wangu aliinunua alipostaafu ukarani. Miaka yote alikuwa mtu wa kuandika na kusoma. Kwenye ukoo wetu barua yoyote, iwe ya shamba, ya hospitali, ya mtoto kufukuzwa shule, inaletwa kwa Adelard aisome. Hata mie nilipokuwa mchumba wake, barua alizoniandikia ilibidi aje mwenyewe anisomee, maana mwandiko wake ulikuwa wa kizungu mno. Kompyuta hiyo haiguswi. Nikipitisha kitambaa cha vumbi anakohoa. Na lile kasha lake kubwa wanaloliita sipiyu, tangu Pasaka lilikuwa likikoroma kama mzee mwenye mafua. Sekela akasema, "Babu, niangalie feni?" Akajibiwa, "Angalia za wateja wako."

Ilikuwa Alhamisi mchana. Yeye amekaa anasikiliza nyimbo za kwaya humo ndani, mie niko barazani nachambua mchicha. Nikasikia pu! Kama tairi la bajaji. Taa, redio na friji vyote vikazima. Nikakimbilia ndani, nikakuta moshi mweusi unatoka mgongoni mwa sipiyu, na harufu ya plastiki inachoma pua. Na mume wangu, badala ya kukimbia, amelikumbatia lile kasha kwa mikono miwili.

"Baba Daniel, toka hapo! Utakufa!"

"Isiguswe!" akapiga kelele. "Mtu asiiguse!"

Miaka arobaini na tisa ya ndoa sijawahi kumsikia na sauti ile.

Sekela aliporudi kazini jioni akainusa, kama unavyomwona daktari akimnusa mlevi. "Hii pawa saplai imeungua, Babu. Vingine vyote huenda ni vizima. Kesho nakuletea nyingine, nusu saa tu inaamka."

"Hapana."

"Hapana nini, mume wangu? Fundi unaye ndani, bure."

"Nimesema hapana. Imekula chumvi ya kutosha. Iacheni ipumzike." Akaisukuma kwenye kona, akaifunika na shuka, akaweka kiti mbele yake.

Sekela akacheka kwa kuumia. "Bibi, naamsha mashine za mji mzima, ya babu yangu inanishinda?"

Sasa hapa nakiri kosa langu. Mie ndiye niliyemtia maneno. Nilimwonea huruma mume wangu, kutwa kukaa kwenye kiti bila nyimbo zake, anasugua magoti. Nikamwambia Sekela, "Mke mwenza, Jumamosi asubuhi anakwenda jumuiya ya kanisa, na wakitoka huko wanakwenda kumtazama mgonjwa. Lete hicho kidude tuitengeneze. Akirudi akute inaimba, hasira itaisha."

Jumamosi hiyo, mzee alipotoka tu getini, Sekela akafungua boksi. Mpishi mwenyewe ni kisanduku cha bati, kizito kama tofali, na mkia wa nyaya za kila rangi. Akatandika kitenge changu sakafuni, akailaza sipiyu juu yake. Alikuwa ameshachomoa waya wa ukutani, lakini akabonyeza tena kitufe cha kuwashia.

"Unabonyeza nini na umeme umeshautoa?"

"Namalizia ule uliolala ndani, Bibi. Pawa saplai hata ukiichomoa inabaki na umeme tumboni. Ndio maana kisanduku chenyewe hakifunguliwi, kinabadilishwa kizima. Kikiharibika, unatupa, unaweka kingine."

Kisha akachukua kile kibanio cha karatasi cha waya, akakinyoosha, akakiingiza kwenye plagi kubwa ya pawa saplai mpya, ncha moja kwenye waya wa kijani na nyingine kwenye mweusi, ndipo akaiwasha ukutani. Nikaruka mpaka mlangoni. Feni ndani ya kisanduku ikaanza kuzunguka taratibu.

"Mama wee! Utaniachia maiti sebuleni!"

"Najaribu kama ni nzima kabla sijaivalisha. Rudi, mke mwenza muoga wewe."

Akaizima. Akafungua ubavu wa sipiyu kwa bisibisi. Humo ndani vumbi limelala kama unga wa muhogo. Akanionyesha ubao mkubwa wa kijani wanaouita mazabodi, akanionyesha nyaya zinakotoka kwa mpishi kwenda kwa kila mlaji. Akapiga picha kwa simu ili asisahau kila moja ilikochomekwa, akazichomoa moja moja. Akazungusha skrubu nne za mgongoni. Akaishika pawa saplai ya zamani aitoe.

Haikutoka.

"Kuna kitu kimeing'ang'ania," akasema. Akawasha tochi ya simu, akainama mpaka shavu likagusa bati.

"Nini? Panya?"

"Bahasha."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikapiga magoti, nikachungulia. Pale mbele ya sipiyu, juu, palikuwa na sehemu ya kuwekea CD. Kifaa chenyewe kilishatolewa zamani, mdomo ukabaki wazi kama wa sanduku la posta. Bahasha iliingizwa hapo, ikateleza mpaka nyuma, ikaenda kujibandika kwenye matundu ambayo pawa saplai inavutia hewa. Ilikuwa imefungwa utepe mwekundu, na ncha ya utepe ilipenya kwenye feni, ikajiviringisha, ikajiviringisha, mpaka feni ikasimama. Mpishi alizibwa pua na kufungwa miguu. Kilichomuua tulikiona.

Sekela akakata utepe kwa mkasi, akaitoa bahasha kwa ncha za vidole. Upande mmoja ulikuwa umeungua rangi ya chapati iliyosahaulika jikoni. Upande mwingine yalikuwepo maandishi, safi kabisa: *Kwa Mzee Adelard, Mkuu wa Familia ya Marehemu Daniel, Boko. Kwa mkono wa Mzee Kondo.*

Mjukuu wangu akakaa chini.

"Bibi," akasema, "Brightson hakunidanganya."

Nilihisi baridi imenipanda kutoka kwenye unyayo, na ilikuwa mwezi wa nane, jua la saa tatu liko dirishani.

Akaigeuza bahasha. "Na haijafunguliwa. Ona gundi, Bibi. Hata ukucha haujapita." Macho yake yakajaa. "Ameificha. Kila siku mke wangu mdogo, mke wangu mdogo, nami nacheka. Kumbe hakuwa anatania. Hakutaka niondoke."

"Usiseme hivyo. Babu yako hana roho hiyo."

"Basi imeingiaje humu? Imepanda yenyewe?"

Nikafanya jambo ambalo kwa desturi yetu mwanamke halifanyi mwenye nyumba akiwa hai: nikachana bahasha. Nikasoma mwenyewe, kwa kidole chini ya kila mstari, kama Mwalimu Marietha alivyotufundisha shule ya msingi. Walikuwa wamebisha hodi kwa adabu zote. Wamesikia kwamba kwenye nyumba hii kuna ua, wanaomba ruhusa kulimwagilia. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu ya mshenga, na ombi wajibiwe kabla ya Pasaka.

Kabla ya Pasaka, nasi tulikuwa Agosti.

Nikaichukua simu yangu, nikampigia Mzee Kondo. Ikaita mpaka ikakata. Nikaiweka mezani.

"Malizia kazi yako," nikamwambia Sekela. Akaipachika pawa saplai mpya, huku anavuta kamasi, anatazama picha kwenye simu na kurudisha kila waya mahali pake, na machozi yanadondoka. Nikawa nayafuta kwa ncha ya kitenge yasije yakafika kwenye mazabodi, maana hata katika msiba huo niliogopa ile pu! Alipokaza skrubu ya mwisho na kuiinua sipiyu mezani, tukasikia geti.

Sekela akabonyeza kitufe. Sijui kwa nini, labda kwa hasira. Kitaa kikawaka, feni ikazunguka kimya, bila koromo hata kidogo. Mume wangu alikuwa amefika kizingitini. Akasimama, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.

"Nani kaigusa?"

"Mie ndiye niliyemwambia," nikasema.

Akaingia polepole, mkono ukitangulia kushika mgongo wa kochi, akakaa.

"Babu," Sekela akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, "tumeikuta barua."

Akajisogeza ukingoni mwa kochi.

"Miezi minne nimemwita mwenzangu mwongo. Kwa ajili yako. Kwa nini, Babu? Kwa nini hukuisoma?"

"Nani amekwambia sikuisoma?"

"Gundi, Babu. Gundi ndiyo imeniambia."

Akapiga mkono wa kiti. "Nisifundishwe kusoma barua kwenye nyumba yangu! Nimesoma barua za watu kabla baba yako hajaota meno. Mnataka isomwe? Itasomwa. Sasa hivi, mbele yenu."

Akanyoosha mkono mezani, akapapasa, akachukua karatasi iliyokunjwa mara tatu. Akaikunjua, akainyanyua usawa wa kifua kama anavyosimama kanisani kwenye somo la kwanza, akakohoa, akaanza.

"Kwa mzee wetu mheshimiwa. Salamu nyingi zikufikie wewe na familia yako. Sisi wazee wa kijana Brightson tunakuja mbele yako kwa unyenyekevu mkubwa, tukiomba utupokee..."

Alisoma vizuri, jamani. Sauti ya karani, inapanda na kushuka, inatua kwenye nukta. Alisoma mpaka mwisho, bila kukwama hata neno moja, na maneno yalikuwa ya heshima kuliko yaliyokuwemo kwenye barua yenyewe.

Barua yenyewe ilikuwa kwenye mapaja yangu.

Nikaitazama karatasi iliyo mkononi mwake. Ilikuwa ile karatasi ya maelekezo iliyotoka ndani ya boksi la pawa saplai. Ilikuwa na michoro ya plagi, na mkono wenye alama ya kukataza, na maandishi ya Kichina toka juu hadi chini.

Nikamwangalia Sekela. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka.

Niliwahi kuona nyumba ikibomoka kwa mvua, ukuta mmoja unaanguka na mingine inafuata. Ndivyo ilivyonijia. Biblia ambayo tangu mwaka jana ananiambia, "Soma wewe, Mama Daniel, nataka kusikia sauti yako." Meseji za simu, "Nisomee, mkono wangu una mafuta." Kule jumuiya alivyoacha kusoma masomo, akasema vijana wapewe nafasi, tukamsifu kwa ukarimu. Mzee Augustine, mwenzake wa jumuiya, anayempitia kila Jumamosi wakaenda wameshikana mikono, nami nikicheka kwamba uzee umewarudisha chekechea. Editha jirani yetu, ambaye mume wangu alimpita kimya njiani, akanuna kwamba mzee siku hizi anaringa. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu, nimempikia, nimemfulia, na sikujua. Ningeulizwa mahakamani ningekula kiapo kwamba anaona.

"Mmeridhika?" akauliza, akiikunja ile karatasi kwa uangalifu.

Sekela akafungua mdomo. Nikamkazia macho. Kuna aibu ambazo mtu havuliwi na watoto.

"Tumeridhika, Baba Daniel," nikasema, nikaichukua karatasi mkononi mwake. Vidole vyake vilikuwa baridi.

Hapo simu yangu ikaita. Mie masikio yangu ya shida, simu yangu inakaa kwenye sauti kubwa daima. Nikabonyeza, sauti ikajaa sebule nzima.

"Hapo nimepigiwa na nani? Mie Kondo, wa Bunju."

"Mie Mama Daniel, wa Boko. Mke wa Mzee Adelard. Habari za huko?"

"Aaah! Boko mmenikumbuka leo! Njema, mama. Tulidhani mmehama mkasahau kuaga."

"Mzee Kondo, kuhusu ile barua..."

"Ile barua, mama, imeshakuwa na ndevu. Mie ni mshenga, sio muuza karanga, sizunguki na bahasha kutafuta mnunuzi. Nilimkabidhi mzee mkononi. Nikampigia mara ya kwanza: ukoo haujakaa. Mara ya pili: ukoo haujakaa. Miezi sita ukoo umesimama tu? Hauchoki miguu? Sasa niseme ukweli wangu. Wazee wa kijana wamechoka. Kesho mchana nafunga leso nyingine, napeleka barua nyumba nyingine, hapohapo Mbweni. Kijana mwenyewe hajasema ndio wala hapana, kanyamaza tu, na mwanamume akinyamaza wazee wanahesabu kakubali."

Sekela akashika ukingo wa meza.

"Mzee Kondo, subiri," nikasema. "Tafadhali, tupe..."

"Mama, nakuheshimu, lakini sina neno na wewe. Nina neno na mwenye nyumba. Yupo?"

Nikatazama kochini. "Yupo. Anakusikia."

"Basi nisikie, Mzee Adelard. Sikuulizi mengi, na sitaki tena habari za ukoo kukaa. Nakuuliza moja. Barua yetu uliisoma ukaitupa, au hukuisoma? Kama uliisoma ukaitupa, umetutukana, tumalizane leo kwa amani kila mtu ashike njia yake. Kama hukuisoma, niambie kilichokuzuia, na kiwe kitu ambacho nikiwapelekea wale wazee watakaa chini wafikirie upya. Kikiwa cha kuungaunga nitakijua, wallahi, maana nimekuwa mshenga miaka ishirini na nimedanganywa na mabingwa."

Nikajua neno moja la uongo litamaliza kila kitu, na nilikuwa nalo tayari ulimini: alikuwa mgonjwa, alilazwa. Nikavuta pumzi niliseme. Mume wangu alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, midomo inacheza bila sauti. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidevu.

Sekela akamwona. Akaja akachutama mbele yake, akamshika magoti.

"Babu, acha," akanong'ona. "Usijibu. Sio lazima. Bibi, kata simu. Mie nitaolewa siku nyingine."

"Halo?" Mzee Kondo akasema. "Mzee, nakusubiri. Uliisoma, hukuisoma?"

Mume wangu akanyoosha mkono kuitafuta simu. Ukagusa mkasi, ukagusa boksi tupu, ukaangusha kikombe, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuusaidia. Ukaipata. Akaisogeza mdomoni, ingawa sauti ilikuwa inasikika hata barabarani.

"Sikuisoma, Mzee Kondo," akasema. "Siku uliyonipa nilijua ni bahasha kwa kuipapasa tu. Macho yangu hayasomi tena. Watu nawaona kama wamesimama nyuma ya chandarua, na herufi siioni kabisa, huu mwaka wa pili sasa. Nilitaka nimpelekee katekista anisomee kwa siri. Nikaiingiza mahali mke wangu hafagii, ikaniponyoka ikaanguka ndani, nikashindwa kuitoa, na nikashindwa kuomba nitolewe. Maisha yangu yote nimewasomea watu barua zao. Nikaona aibu kusomewa ya mjukuu wangu."